Niliponywa Mara Saba

Niliponywa mara saba siku moja,
Jumamosi, sokoni Chavakali,
kwa shilingi mia nne na chapati kwa maharagwe.
Mara ya kwanza betri ilizimika.
Ya pili, ng'ombe wa Kegode akapita nyuma ya muujiza.
Ya tatu nilisimama kabla sijaombewa
na Adagala akafoka: "Kata!
Kiwete wewe, unakimbilia wapi?"

Filamu ya kuchekesha, hiyo.
Aliiandika kwenye daftari la madeni la duka la mamake,
katikati ya sukari kilo mbili na mafuta ya taa:
Askofu Mkuu Nabii Daktari
anauza maji ya mfereji, kikombe hamsini,
yenye chumvi ya Yerusalemu ongeza ishirini
(chumvi yenyewe ya kulambwa na ng'ombe).
Kanisa lake halijavuka msingi, mwaka wa kumi na moja huu,
nyumba yake inaota ghorofa kama uyoga.
Mweka hazina ana vitabu viwili vya hesabu,
cha waumini, na cha kweli,
hicho cha pili kimevishwa jalada la Zaburi.

Askofu wetu alikuwa Mudeizi, mchomeleaji mageti.
Joho lilishonwa kwa pazia lililostaafu ofisini kwa chifu,
matundu ya pete bado yapo begani.
Akalivaa. Akakohoa.
Mtu niliyekula naye mihogo asubuhi
akanitazama kama anayenidai zaka.

Kosa lilikuwa bango.
Namba ya kutumia sadaka ilihitajika, basi Adagala
akaandika ya mamake.
Saa tano simu ikalia dukani. Ikalia tena.
Hamsini. Mia mbili.
Elfu moja, na ujumbe: Baba Askofu, kesi ya shamba ni Jumanne.

Tuliwaambia. Naapa tuliwaambia.
Adagala alipanda kreti la soda:
"Jamani, huu ni mchezo! Tunaigiza!"
Soko zima: "Amina!"
Pasta Endovo, wa kanisa la mabati ng'ambo ya barabara,
alikuja mbio, mishipa imemtoka shingoni,
nasi tukajiandaa kulaaniwa.
Alitaka kujua vipaza sauti tumekodi kwa pesa ngapi
na Mudeizi ana nafasi Jumapili ipi.

Kabla ya mara ya saba
mama mmoja alinishika mkono. Mimi, si askofu.
Mgongoni mtoto, mguu mmoja umejikunja kama mzizi,
soksi nyekundu.
"Nimekutazama tangu asubuhi," akasema.
"Wewe unaponywa, unarudi chini, unaponywa tena.
Wangu mara moja tu ingemtosha."

Nilikuwa na magongo kwapani.
Maneno yangu yote yalikuwa kwenye karatasi mfukoni
na hapo hapakuandikwa kitu.
Mkono wa Mudeizi ulibaki juu, pazia limelowa jasho.
Hakuna aliyesema kata.

Mama Adagala alirudisha pesa zote, namba kwa namba.
Watatu walikataa kupokea; walisema wameshajibiwa.
Yule wa shamba alishinda kesi.
Mudeizi siku hizi huliombea geti kabla ya kulikabidhi,
na bei imepanda.

Tulionyesha filamu Mbale, ukumbi ukavunjika mbavu,
hasa ninaporusha magongo na kuruka isukuti.
Nami nilicheka.
Lakini mkipata nafasi ya kuitazama, achaneni nami,
tazameni kona ya kushoto, chini,
pale Adagala alipokosa mahali pa kukata:
soksi nyekundu, nusu sekunde,
inaning'inia, inaondoka.