Vidole Vitatu

Saa kumi na moja kasorobo, mgongoni mwa kilima cha Ozark.
Gari tumeliacha chini, milango hatukuibamiza.
Babu Verlin ametangulia, kofia imemfika nyusini,
mfukoni ana karanga, kamba, na miwani asiyoivaa.
Msimu unafunguliwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi,
hatuna bunduki. Tumekuja kusikiliza,
yaani mimi nimekuja kusikiliza:
masikio yake aliyaacha kwenye misumeno ya kiwanda cha mbao,
miaka thelathini na mmoja.

Koo analo bado.
Anakunja viganja mdomoni, analia kama bundi
hata bundi wa kweli, ng'ambo ya kijito, anaona wivu.
Bata mzinga dume hawezi kumvumilia bundi.
Akimsikia lazima ajibu,
kama mtu aliyetukaniwa mama.

Nasubiri. Giza linachujika kama chai.
Kisha, juu ya mialoni ya Tanner,
gololo-gololo-gololo!
maji yanayotoka chupani kwa pupa.
Mmoja. Wa pili anadakia.
Halafu bondeni, karibu na uzio wa Hutchens ulioanguka,
wa tatu: sauti nzito, yenye kikohozi,
jogoo mzee anayejibu mara moja na kujuta.

Babu ananitazama midomo. "Wangapi?"
Nanyoosha kidole kwenye mialoni.
"Wawili."
"Wawili?"
"Wawili."

Sijui uwongo ule ulitokea wapi.
Tangu nikiwa na miaka kumi, kila bata niliyempata
alionyeshwa na mkono wake.
Nilitaka mmoja tu awe wangu,
kuanzia sauti.

Kunapambazuka, tunashuka.
Anaisoma ardhi kama barua ya benki,
polepole, akitafuta mtego.
Majani yaliyopekuliwa. Kisahani cha vumbi walimooga.
Kinyesi cha jike, kimejiviringa kama konokono;
cha dume, kimepinda kama ndoana.
Unyoya wa kifua wenye ncha nyeusi
anauchomeka kofiani, hasemi kitu.

Penye uzio wa Hutchens anasimama.
Topeni kuna michirizi miwili, mbawa zimeburuzwa kwa maringo,
na katikati nyayo,
kidole cha kati kirefu kuliko changu.
Anapiga goti. Goti linaalika, yeye halisikii.
Anapima kwa shubiri,
kisha, bila kugeuka, anainua mkono:
vidole vitatu.

Sikio halipiti kichwa.
Uso unaniwaka hadi shingoni.

Anaufuta unyayo kwa buti, taratibu,
vijana wa Hutchens wasije wakauona.
"Yule wa huku," anasema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia,
"mwite mara moja tu, halafu nyamaza.
Kunyamaza najua unakuweza."