Ng'ombe wa Risasi

Jumatatu, kabla ya jogoo wa Paysandú,
lori hushusha pipa dogo, zito kama mtoto wa miaka mitano.
Nélida Etchepare hulipokea kwa mikono miwili.
Babake alikamua ng'ombe arobaini
hadi vidole vikavimba kama tangawizi.
"Na mimi nakamua," humwambia,
"ila wangu ni wa risasi, hali nyasi,
na maziwa yake hayaonekani."

Upande huu huchomeka maji ya chumvi,
upande ule chupa isiyo na hewa,
na chupa hufyonza kama ndama.
Kinachotoka huwezi kukitofautisha na machozi,
lakini kipimo ukutani
hutatarika kama mahindi kikaangoni.

Maziwa haya hayagandi, hayachachi. Huisha.
Saa sita zikipita imebaki nusu,
sita nyingine, nusu ya nusu.
Ndiyo maana hapa hakuna "njoo kesho".
Wa kwanza ni fundi wa reli, anapimwa moyo,
kisha mwanamke anayeumwa nyonga,
kila mmoja na sindano yake,
kila mmoja akiambiwa: usitikisike.

Kamera haina taa.
Taa ni mgonjwa.
Haiulizi mfupa umekaaje;
huuliza nani kazini, nani kalala,
nani anakula kupita sahani yake.

*

Isolina Bentancor, miaka sitini na mmoja,
mpishi wa wakata manyoya ya kondoo,
alitolewa tezi ya shingo mwezi Machi.
Wiki tatu hakugusa vidonge, samaki,
wala chumvi ya dukani,
ili chochote kilichobaki cha tezi ile
kishikwe na njaa.
Kikulacho ki nguoni mwako:
leo wamekitegea chambo.

Madini joto, ndivyo tunavyoyaita
tuyasomapo kwenye pakiti ya chumvi.
Hayajawahi kustahili jina lake
kama ndani ya kidonge hiki,
ndani ya chungu cha risasi,
ndani ya chumba ambamo Nélida
anasema "meza" akiwa tayari mlangoni.

Siku tatu. Mlango mzito.
Pipi za limau, maji jagi baada ya jagi,
choo kuvutwa mara mbili.
Mjukuu wake, Facundo, anapunga mkono
kutoka maegesho ya magari, ghorofa mbili chini,
anainua mchoro; haonekani ni farasi au meza.

Na kinywaji chao, kile cha kibuyu na mrija wa fedha
kinachozunguka kinywa hadi kinywa jikoni kwake,
wanakiita mate.
Na mate, yale ya kwetu, ya ulimini,
ndiyo hasa aliyokatazwa kugawa.

*

Wiki imepita. Amelala chini ya kamera,
mikono ubavuni, soksi za sufi.
Kioo kinajaa taratibu, nukta kwa nukta,
kama mtu anayemimina mtama gizani.
Shingoni, weupe kidogo, walioutarajia.
Halafu kifuani, kushoto, punje moja
ambayo hakuna aliyeizungumzia.

Isolina amegeuza macho tu, kichwa hakugeuza.
"Hiyo ndiyo inayoungua," anauliza,
"au ndiyo inayoishi?"
Daktari angesema maneno marefu.
Daktari yuko ghorofa ya nne.
"Leo," anasema Nélida, "yote mawili.
Kisichokula dawa hakiwaki."

Baadaye, kwenye benchi la ukumbi,
Isolina anafungua chupa ya maji moto,
anajaza kibuyu, anamnyooshea.
Nélida hacheki. Anasogeza kipimo kwenye mrija:
ta. Kimya. Ta-ta.
"Bado siku kumi."

Basi Isolina anakunywa peke yake,
hadi majani yakoromee chini,
na Nélida ameketi hatua mbili kutoka kwake,
saa yake ya chakula yote,
mikono mitupu magotini.