Spiriti Isiyo na Harufu

Melfort, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na mimi jikoni na penseli za rangi kumi na mbili
ninamchora mbwa niliyemuua.

Sikukusudia. Gari lilikuwa linarudi nyuma,
kioo kimevaa barafu, na Tulka,
mbwa wa Ostrowski, alizoea kulala
pale bomba la moshi linapopumua joto.

Siku tisa. Ostrowski hajasema neno.
Ameacha tu kunisafishia theluji mlangoni,
na ana haki.

Dukani kadi zipo. Za kufiwa zina mayungiyungi
na maneno ya dhahabu aliyekwisha kuyasema mtu mwingine.
Ya mbwa hakuna.
Ya kutoka kwa aliyeua, hakuna.

Hedvig, anayetufundisha maktabani kila Alhamisi,
alisema: usianze na kahawia,
hakuna kiumbe wa kahawia tupu.
Basi nikaanza na manjano ya haradali,
nikapitisha chungwa, nikapitisha kutu,
zambarau kidogo chini ya sikio, kivuli kinapojikunja,
mpapaso juu ya mpapaso, mkono mwepesi
kama unayempangusa mtoto vumbi.
Bado alionekana fagio.
Kila mstari unajitangaza, kila mmoja na njia yake,
na katikati yao weupe wa karatasi
unachungulia kama meno.

Ndipo kile kichupa.
Nikamimina kifunikoni matone matatu.
Hapa haba na haba haijazi kibaba, inakitoboa:
karatasi hulewa, doa likatokea mgongoni.
Haba ibaki haba, ndio ufundi wenyewe.
Nikachovya ncha ya karatasi iliyosokotwa,
nikaifuta kwenye kitambaa mpaka ikakaribia kukauka,
nikaanza shingoni,
nikifuata manyoya yanakolala.

Nta ikaachia.
Sijui nisemeje.
Kama siagi inavyolikubali kaango,
haradali ikaingia ndani ya kutu, kutu ndani ya zambarau,
hakuna aliyeshinda, hakuna aliyesalimu amri,
na mistari, ile yenye kiburi, ikasahau ilikotoka.
Akanitazama.
Tulka, na lile jicho lake moja la kutoka machozi.

Ila ubavuni kitu kikabaki cheupe.
Nikarudia. Tone la nne. Kikabaki.
Nikaipeleka kadi kwenye taa, nikaiinamisha:
NISAMEHE.

Juzi usiku nilijaribu maneno kwenye karatasi nyingine,
kadi ikiwa chini yake,
kwa kalamu ya wino, nikikandamiza
kama mtu anayetia saini mkopo.
Karatasi ile niliichana, nikaitia motoni.
Kovu lilikwisha kupenya.
Hedvig alituonya, mimi nikiwa natafuta miwani:
kiyeyusho huyeyusha rangi,
hakijazi mfereji.

Ningeweza kuanza upya. Kadi tupu ninazo, pakiti nzima.
Nikakaa. Nikanywa chai iliyopoa.
Nikaiacha ikauke.

Saa nne asubuhi nikavuka theluji
niliyoisafisha mwenyewe, upande wangu na wake.
Ostrowski akafungua mlango upana wa kiganja.
Nyuma yake, sakafuni, bakuli,
na ndani ya bakuli, maji.

Akaipokea. Akaipeleka puani,
mtu aliyetengeneza matrekta miaka arobaini.
"Inanuka rangi ya ukuta."
"Kwenye chupa wameandika haina harufu."
"Wameandika," akasema,
na kidole gumba chake, kipana, cheusi kwa grisi ya zamani,
kikashuka ubavuni polepole,
kikifuata manyoya yanakolala,
kikafika pale,
kikasimama.