Nafasi ya Vidole Vitatu

Kibao changu hapa Sinza kinasema: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI,
PICHA ZA PASIPOTI PAPO HAPO.
Hakisemi lolote juu ya Kiyunani.
Lakini kila Alhamisi Daktari Nakiete hushuka kutoka Changanyikeni
na kikapu cha ukindu, na ndani ya kikapu
watu waliokufa kabla Kiswahili hakijapata jina
wanasubiri zamu,
nyuma ya kijana anayeomba kazi ya ulinzi benki
na risala ya harusi ya Tabata.

Mashine yangu haina herufi zile.
Tukakubaliana: palipo na neno lao
niache nafasi ya vidole vitatu,
atalijaza mwenyewe kwa kalamu ya bluu.
Basi hekima ya Wayunani nimeisoma na mapengo,
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
*Bila ____, mji ni kuta tu.*
Nilijaza kimoyomoyo. Bila maji. Bila umeme.
Siku moja nikathubutu: Daktari, hapa si "haya"?
Akanitazama juu ya miwani. Umejuaje?
Sikujua. Nilikuwa nimetoka kugombana na mwenye nyumba.

Anaipenda -ka- yetu kupita kiasi.
Akaenda, akaona, akalia:
wenzake wa ng'ambo, anasema, huchoma kurasa nzima
wakitafuta kitu ambacho bibi yake kule Usangi
alikitumia kusimulia mbuzi aliyepotea.
Mizani anahesabu kwa kugonga kaunta,
wateja wanadhani ana haraka.

*Simfukuze mgeni, mlangoni akibisha,*
*mpe maji, mpe kiti, na chakula kumlisha.*

Vina vya kati vimenikimbia, akalalama.
Nikamwambia hata babu yangu vilimkimbia,
naye hakuwa anatafsiri.

Lakini neno lenyewe, hilo "mgeni", halikumpa usingizi.
Miezi mitatu alikuwa akilifuta.
Kwao, alisema, ni neno moja tu kwa yule unayemchinjia kuku
na yule unayemfungia komeo.
Niandike lipi? Mgeni? Mtu baki? Asiyejulikana?
Nilikuwa naondoa karatasi iliyokwama, sikujibu.

Mvua ikaanguka ghafla, mtaro ukafurika,
akaingia mwanamume na begi kichwani,
viatu mkononi, lafudhi ya mbali sana na hapa.
Kwanza nikavuta droo ya pesa, nikafunga kwa ufunguo.
Kisha nikamsogezea stuli.
Karibu, mgeni, nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini.
Rudia.
Karibu, mgeni.
Hapana. Rudia na ile droo.

Akacheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Yule mwanamume naye akacheka, kwa adabu,
bila kujua amesuluhisha nini.
Umeme ukakatika. Kurasa nne hatukuwa tumezihifadhi.

Hata hivyo siku ile alibishania bei,
shilingi hamsini kwa kila ukurasa,
kwa sababu, alidai, mapengo hayana wino.

Tangu masika hajashuka. Simu yake inaita tu.
Faili lipo kwenye mashine, jina lake NAKIETE_MWISHO_3,
na mapengo yake yote wazi.
Nina nakala moja ya zamani aliyoijaza kwa mkono.
Wateja wakipungua naitoa, naiga.
Kuna herufi kama stuli isiyo na mtu.
Kuna nyingine kama ngazi ya fundi rangi.
Na ile inayoanzisha neno lao la mgeni
ni kama uzi uliofumuka kwenye pindo la kanga:
unauvuta kidogo, unakuja,
unavuta tena.
Bado mkono wangu unaikosea mkia.