Swali la Tisa

Mchana nawapimia wagonjwa mofini, mililita kwa mililita;
usiku nasomea uzamili jikoni, hapa Bragança,
miguu ndani ya beseni la maji moto,
mume amelala, jokofu linakoroma kwa niaba yake.

Profesa Quitéria ameliidhinisha dodoso:
maswali kumi na mawili, wagonjwa arobaini,
maumivu yapimwe toka sifuri hadi kumi.

Wa kumi na nne alikuwa Belarmino, mkulima wa milozi.
Barabara ya kwake ilivaa barafu, nikapanda kwa gia ya kwanza.
Mapafu yake mvukuto uliotoboka.
"Maumivu, kwa namba?"
Akatazama dari. "Namba ni za kuuzia lozi.
Andika hivi: theluji imelala juu ya paa la zizi.
Halijaanguka. Ila mbao zinasema."
Nikaandika saba.

Swali la tisa: *Je, una amani?*
Akanyamaza mpaka kuni zikalaliana motoni.
Kisha akaninyooshea mkono.
"Kucha zinanikera. Ermelinda ndiye aliyekuwa akinikata,
naye ametangulia tangu mavuno ya mwaka juzi."

Nikalaza kalamu, nikasaka mkasi.
Kucha ngumu, za manjano,
zenye udongo wa miaka sabini
usiojua sabuni ya hospitali.
Zikaruka huku na huku kama maganda ya lozi,
mbwa akazinusa moja moja, akazisusa.
Nilipomaliza vidole kumi
mzee akavua soksi, bila kuombwa wala kuomba.

Maswali yaliyobaki tukayaahirisha hadi Jumanne.
Jumatatu mbwa yule alisikika ng'ambo ya bonde.

Siku ya utetezi mtahini kutoka Porto akashusha miwani:
"Wa kumi na nne, swali la tisa. Naona kistari tu.
Ulisahau kuuliza?"
Projekta ikavuma. Nilikuwa na marejeo tisini na mawili
na hata moja halikunifaa.
"Niliuliza," nikasema. "Hakujibu."
Akaandika kitu pembeni, kifupi.
Wakanipa kumi na saba kwa ishirini.

Wiki iliyofuata nikarudi milimani.
Mgonjwa mpya, Dona Felismina,
kisukari kimekwisha kuchukua mguu wa kushoto.
Nikafungua mkoba, na kabla ya kumpima shinikizo
nikamwuliza habari za kucha.
Akacheka mpaka shali ikamvuka begani:
"Za miguu ni tano tu, binti.
Utawahi chakula cha mchana."