Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu hiki nimekishona mara nne.
Hakina jalada. Jina lake liliondoka na jalada hilo
mwaka ule paa la maktaba lilipovuja
na mchwa wakala rafu nzima ya kilimo.
Wasomaji wa Tororo hukiita Kile Chembamba.
"Kile Chembamba kimerudi?" huuliza dirishani,
bila salamu, kama mtu anayeulizia dawa.

Kwanza nilidhani ni uzi.
Uzi wa dukani kwa Wandera huoza upesi,
na vumbi la saruji huingia hata ndani ya mshono.
Nikabadilisha uzi, nikapaka gundi ya muhogo,
nikakibana kwa matofali mawili usiku kucha.
Miezi saba, kikarudi kimeachia
palepale.
Ukurasa wa arobaini na moja.

Vitabu vingine hufia mwanzoni:
mtu huanza, huchoka, hukunja kona, hurudisha.
Vya dini huchanika penye faraja.
Cha uzazi, nisiseme.
Hiki hupasuka katikati, mahali ambapo
hakuna kinachotokea:

karani yuko ofisini, jina lake linaitwa,
linaitwa tena,
naye anageuka pamoja na wenzake
kumtafuta mwenye jina.

Basi. Ndiyo yote.

Pambizoni pana mstari wa penseli,
juu yake mstari wa wino wa buluu,
juu yake tena alama ya ukucha
wa mtu ambaye hakuwa na kalamu.
Kadi ya nyuma imejaa mihuri ya tarehe.
Mmoja ni wa mwaka ambao mji huu
ulitembea umefumba mdomo.
Nani alitoka nyumbani mwaka ule
kuja kuazima kitabu?
Sahihi inasema Obbo. Tororo ina akina Obbo wangapi?
Kisha Nyafwono, muuguzi, zamu ya usiku.
Kisha Emojong wa forodha ya Malaba,
aliyekaa nacho miaka miwili,
akalipa faini yote kwa noti mpya
na risiti hakuitaka.

Huyo nilimuuliza. Kina nini?
Akautazama Mwamba kule juu ya paa za mabati
kama vile jibu limebandikwa huko.
"Mimi kutwa nawauliza watu:
wewe nani, watoka wapi, waenda wapi.
Jioni nabisha kwangu,
mke wangu anauliza, 'Nani?'
Nakosa hati."

Mwalimu Okware anataka kitolewe rafuni.
Kinafundisha uvivu wa roho, anasema, mtu ni watu.
Sina ubishi. Mtu ni watu.
Mimi mwenyewe nimezikwa na kuoshwa na kulishwa na watu
tangu mume wangu alipofariki,
maana siku ile nilizikwa kidogo.
Lakini jina la Mwalimu limo kwenye kadi,
mara mbili,
na mara ya pili aliandika vibaya makusudi.

Mimi sikuwa nimekisoma. Fundi viatu
hatembei na kila kiatu.
Hadi mwezi wa tatu, benki, pensheni ya marehemu,
foleni, feni isiyozunguka,
na binti wa kaunta akaita: Amoit Keziya.
Nikatazama kushoto.
Akaita tena.
Nikatazama kulia, nikamhurumia
huyo mwanamke asiyesikia.
Mlinzi akanigusa bega.

Sikulia. Nilihesabu pesa, nikatia sahihi,
mkono ukaandika vizuri kabisa, wenyewe.
Nyumbani nikawasha taa,
nikakisoma chote kwa usiku mmoja.
Hakikunifariji. Hakikunishauri kitu.
Kilikaa tu kando yangu kama mgeni
anayejua kunyamaza, ambaye hata chai hakuomba.

Leo kimerudi, kimeachia palepale.
Nimechukua sindano, nta, uzi,
nimekaza kurasa za mwanzo, nimekaza za mwisho.
Hapo arobaini na moja sikukaza.
Nimeacha nafasi, upana wa ukucha,
kijifungue chenyewe.

Kesho Jumanne. Dirisha hufunguliwa saa tatu.