Inchi Sita, Inchi Kumi

Dadi, mtoto wa kaka yangu, aliniletea vyote viwili.
"Shangazi, chagua. Mwenye duka kanipa wiki mbili,
kimoja lazima kirudi Mtwara."

Kidogo ni inchi sita. Kinaingia mfuko wa koti la kazi
pamoja na kitabu cha risiti, peni, na pipi ya tangawizi.
Kikubwa ni inchi kumi na ushei, kipana kama sahani ya bati;
hakuna mfuko uliowahi kukiota.

Kazi yangu ni kupima. Ghala la chama cha msingi, Kitangari,
msimu mzima wa korosho: gunia linapanda,
namba inatulia, naandika.
Basi nikavipima.
Mizani ikavitazama, ikasoma sifuri.
Hokororo, karani mwenzangu, alicheka hadi akashika nguzo:
"Kumbe kikubwa na kidogo ni sawa!"

Si sawa.

Marehemu Mfaume aliacha daftari la mashairi
lenye madoa ya mafuta ya maganda.
Dadi aliyachapa usiku mmoja, akayatia humo.
Kwenye kile kidogo, kwa herufi ninazoziona bila miwani,
mume wangu anasomeka hivi:

Bibo halijui
haya, mbegu
limeweka
wazi,

kama mtu anayepanda Newala kwa miguu,
kila kona anasimama kuvuta pumzi.
Ukwapi uko juu, utao umeanguka chini,
kina cha kati nakitafuta kama sarafu kwenye makapi.
Mfaume alikuwa na kigugumizi. Ndiyo maana alitunga.
Ndani ya beti hakukwama hata siku moja.
Na hiki kidude kinamrudishia kigugumizi chake.

Kikubwa, sasa:

Bibo halijui haya, mbegu limeweka wazi,
Nami siri naigwaya, nimeifunga kwa uzi,
Nikirudi kwenye kaya, nikueleze mpenzi,
Mizani hupima vyote, pendo ndilo haliwezi.

Kina juu ya kina,
kama magunia yaliyopangwa na mtu mwenye adabu.
Nilisoma nimesimama.

Lakini usinipigie makofi bado.
Kikubwa nilikisoma Jumapili moja tu.
Siku nyingine kililala nyumbani, kimeviringwa kanga,
maana naogopa vumbi la salfa.
Kitandani kinachosha kifundo cha mkono;
juzi usingizi ulinishika, kikanipiga pua.
Na siku ya mpimaji ina mapengo:
dakika nne lori likigeuza,
saba mlinzi akitafuta funguo.
Mapengo hayo ni ya mfuko, si ya mkoba.
Humo kidogo kilinisomesha hadithi ndefu ya mwizi wa ng'ombe,
na hadithi haijali ikatike wapi.

Nikakilaza kidogo ubavu. Mstari ukaenea,
herufi zikawa sisimizi. Nikavaa miwani,
ukungu wa asubuhi ukaivaa miwani.

Alhamisi Dadi akapiga simu.
Nikaenda kwa Bi Somoe, fundi cherehani.
Alikipima kikubwa kwa futi ya kitambaa, urefu, upana,
kama mteja wa harusi.
"Mfuko huu utavuta koti upande."
"Uvute."
"Watu watasema umepinda."
"Shona wa kushoto."

Ijumaa Hokororo alinitazama kutoka mlangoni:
leo unatembea kama mizani yenye jiwe upande mmoja.
Sikumjibu. Lori lilikuwa limeanza kugeuza.
Dakika nne zinatosha ubeti mmoja,
ukiusoma taratibu,
ukimwachia mwenyewe amalize.

Kile kidogo kimesharudi dukani.
Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Jina la hadithi nimelisahau,
na mpaka leo sijui kama yule mwizi alikamatwa.